Mchezo wa Hisa: Fedha si za Kweli, Funzo ni la Kweli

Tuseme jioni moja warudi nyumbani kutoka kazini, nawe wamkuta kijana wako ameketi barazani ameiinamia simu. Akuamkia, wamwitikia, na kabla hujavua viatu asema kwa furaha, “Baba, leo nimepata faida ya shilingi laki moja!” Bila shaka moyo utakushtuka. Utajiuliza: Je, mwanangu ameanza kucheza kamari? Fedha ya kuanzia ameitoa wapi? Na ile ada ya shule niliyompa, i salama?

Kijana akiona uso wako umebadilika atakuambia, “Usiogope, Baba. Si fedha za kweli. Ni mchezo wa soko la hisa tuliopewa na mwalimu.” Hapo utashusha pumzi. Lakini swali jingine litafuata: mchezo huo ni nini, nao wamfundisha nini? Yafaa kila mzazi aweze kulijibu swali hilo. Maana kijana anayecheza leo kwa fedha za kuigiza, kesho atashika fedha za kweli zilizotoka jashoni, na mazoea aliyoyapata mchezoni atakwenda nayo.

HISA NI NINI?

Kabla ya kuueleza mchezo, hapana budi tuelewe kwanza kile kinachoigizwa. Tuseme watu kumi wa kijiji kimoja wataka kununua mashine ya kusaga nafaka, na bei yake ni shilingi 5,000,000. Hakuna hata mmoja mwenye fedha zote hizo. Basi kila mmoja atoa shilingi 500,000, na mashine yanunuliwa. Kila mmoja sasa ana fungu moja katika mafungu kumi ya mashine ile. Fungu hilo ndilo hisa.

Mwaka ukiisha, wakaona kwamba baada ya kulipa mafuta, fundi na mshahara wa msagaji imebaki faida ya shilingi 1,000,000, waweza kugawana, kila mtu shilingi 100,000. Hilo ndilo gawio. Au waweza kuamua wasigawane, bali wanunue mashine ya pili.

Sasa mmoja wao ahamia mjini, naye ataka fedha zake. Hawezi kung'oa gurudumu la mashine akaondoka nalo. Atakachofanya ni kuliuza fungu lake kwa mtu mwingine. Ikiwa mashine yapata wateja wengi, mnunuzi atakubali kutoa hata shilingi 700,000. Ikiwa mashine huharibika kila juma, huenda asipate hata 300,000. Hivyo ndivyo bei ya hisa inavyopanda na kushuka.

Kampuni kubwa, kama vile mabenki, viwanda vya saruji na kampuni za simu, zina mafungu kwa mamilioni, na wenye mafungu hayo hawajuani. Kwa hiyo pamewekwa mahali pa kukutania wauzaji na wanunuzi, kwa sheria na usimamizi. Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi wa Aprili 1998. Mtu wa kawaida haingii sokoni humo mwenyewe na kupiga kelele za bei. Hununua na kuuza kwa mkono wa dalali mwenye leseni, na siku hizi waweza hata kutuma agizo lako kwa simu.

JINSI MCHEZO UNAVYOENDESHWA

Haya, sasa tuutazame mchezo wenyewe. Mmojawapo wa michezo hii inayojulikana sana ni ule uitwao The Stock Market Game, uliobuniwa huko Marekani kwa ajili ya mashule. Ulianza mwaka 1977, wakati ambapo hakukuwa na intaneti majumbani. Siku hizi huchezwa kwa kompyuta na simu, chini ya taasisi iitwayo SIFMA Foundation. Wanafunzi huungana katika vikundi vidogo, na kila kikundi hupewa dola 100,000 za kuigiza. Hapa kwetu pia Soko la Dar es Salaam na Soko la Nairobi yamepata kuandaa mashindano ya namna hii, hasa kwa wanafunzi wa vyuo na vijana.

Michezo hii hutofautiana katika mambo madogo, lakini mwendo wake ni mmoja. Kwanza, mchezaji hujiandikisha, akapewa daftari lake katika mtambo, na ndani yake mmeandikwa mtaji wa kuigiza. Pili, huonyeshwa orodha ya kampuni. Hapa ndipo penye maana: kampuni hizi si za hadithi. Ni kampuni za kweli, na bei anazoziona ndizo bei za kweli za soko, ingawa katika michezo mingine huchelewa dakika 15 au 20.

Tatu, mchezaji hutoa agizo. Husema, “Nataka hisa mia za kampuni hii.” Aweza kukubali bei iliyopo sokoni wakati huo, au aweza kuweka mpaka na kusema, “Nitanunua ikiwa bei haizidi shilingi 400.” Nne, mtambo hutoa fedha katika mtaji wake, humwandikia hisa alizonunua, na hukata ada ya dalali, kama inavyokatwa katika biashara ya kweli. Tano, kila siku ya soko mtambo huhesabu upya mali yake yote: fedha zilizobaki, jumlisha hisa zake kwa bei ya siku ile. Kampuni ikitoa gawio, nalo huongezwa katika daftari. Mwishowe, siku ya kufunga ikifika, wachezaji hupangwa kwa kufuata mali walizo nazo, na aliye juu huitwa mshindi.

Katika michezo mingine huwekwa pia sheria ya kumzuia mchezaji asitie mtaji wake wote katika kampuni moja. Utaona baadaye kwa nini sheria hiyo ni ya busara.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Chukua kalamu, msomaji, tufanye hesabu, maana katika jambo hili hesabu husema kuliko maneno. Tuseme kijana wako amepewa mtaji wa kuigiza shilingi 1,000,000. Anunua hisa 1,000 za kampuni fulani kwa shilingi 400 kila moja. Hizo ni shilingi 400,000. Tuseme ada ya dalali katika mchezo huu ni asilimia 2. Basi hukatwa shilingi 8,000. Jumla ametoa 408,000, na amebakiwa na 592,000.

Mwezi mmoja wapita, bei yapanda kutoka 400 hadi 420. Kijana aruka kwa furaha: “Nimepata shilingi 20,000!” Ngoja kwanza. Akiuza, atapata 420,000, kisha dalali akate asilimia 2 yake, ambayo ni 8,400. Mkononi zabaki 411,600. Alitoa 408,000. Faida yake basi si 20,000; ni shilingi 3,600 tu.

Na kama bei ingalipanda hadi 410 tu, akauza? Angalipata 410,000, akatwe 8,200, zibaki 401,800. Yaani bei imepanda, lakini yeye amepata hasara ya shilingi 6,200! Hapo kijana atajifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui mpaka limewauma: kwamba anayenunua na kuuza kila siku humtajirisha dalali kuliko ajitajirishavyo mwenyewe.

Funzo hili moja latosha kuufanya mchezo huu uwe na thamani. Nayo yako mafunzo mengine. Mchezaji huanza kuzisoma habari za nchi kwa macho mapya. Akisikia mvua zimekosekana, au bei ya mafuta imepanda, au benki fulani imepata faida kubwa, hujiuliza jambo hilo litafika wapi. Kadhalika hujifunza yale ambayo mkulima wetu ameyajua tangu zamani: kwamba apandaye mahindi peke yake, mvua ikikatika analala njaa, bali apandaye mahindi, mihogo na kunde, hakosi cha kutia chunguni. Ndivyo ilivyo kwa hisa. Agawaye mtaji wake katika kampuni za kazi mbalimbali, moja ikianguka hazianguki zote.

MAMBO AMBAYO MCHEZO HAUYAFUNDISHI

Lakini ndugu msomaji, tusiusifu mchezo tukafumba macho. Yako mambo matatu ambayo mchezo huu hauwezi kuyafundisha, na yapo ambayo huyafundisha kinyume.

La kwanza ni hofu. Fedha ya kuigiza haimuumizi mtu. Kijana akipoteza laki tano za mchezo, hucheka, kisha huenda kula chakula chake cha jioni. Lakini baba aliyetia laki tano za ada ya mtoto, akaona zimekuwa laki tatu, hali chakula wala halali usingizi. Na katika hofu hiyo ndipo watu wengi hufanya kosa kubwa, yaani kuuza wakati bei iko chini kabisa.

Tuna mfano wa kweli karibu nasi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza kwa wananchi sehemu ya hisa zake katika kampuni ya simu ya Safaricom, kwa shilingi 5 za Kenya kila hisa. Watu zaidi ya laki nane waliomba, na wapo waliokopa fedha benki ili wanunue. Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni mwezi wa Juni mwaka ule, bei ilipanda kupita shilingi 7, na watu wakashangilia. Lakini miezi michache baadaye ilishuka chini ya ile 5 waliyonunulia, na mapema mwaka 2009 ilikuwa kama shilingi 3. Fikiri hali ya mtu aliyekuwa na hisa 2,000. Alitoa shilingi 10,000, sasa zimebaki kama 6,000. Na kama fedha zile zilikuwa za mkopo, benki haikumngojea. Ilimbidi auze na kubeba hasara.

Lakini yule aliyenunua kwa fedha zake mwenyewe, fedha ambazo hakuzihitaji kwa chakula wala ada, aliweza kungoja. Mwaka 2021 hisa moja ilipita shilingi 40. Hisa zake 2,000 zilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 80,000. Tena usidhani hadithi iliishia hapo kwa furaha, maana mwaka 2023 bei ilishuka tena chini ya shilingi 20. Aliyenunua karibu na kilele, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiisifu, alilia. Kampuni ni ile ile; tofauti ilikuwa katika fedha za nani, na subira ya nani. Mchezo wa miezi mitatu hauwezi kumwonyesha kijana jambo hilo lililochukua miaka kumi na mitano.

La pili ni upungufu wa wanunuzi. Katika mchezo, ukibonyeza “uza,” mara moja hisa zimeuzwa na fedha zimeingia. Katika masoko makubwa kama la New York, kwa hisa za kampuni zinazojulikana, ndivyo ilivyo kweli. Lakini katika masoko yetu madogo, ziko kampuni ambazo hisa zake hupita siku nyingi bila mtu kuzinunua. Waweza kutaka kuuza leo kwa sababu mtoto ni mgonjwa, nawe ukangoja. Kwa hiyo fedha ya dharura, fedha ya hospitali na ya ada, isiwekwe katika hisa.

La tatu, nalo ni zito kuliko yote, ni hili: mashindano mafupi huwapa zawadi wasio na busara. Labda utashangaa. Sikiliza. Tuseme wanafunzi mia wacheza kwa miezi mitatu, na zawadi ni ya mshindi mmoja tu. Mwanafunzi mwenye busara agawa mtaji wake katika kampuni kumi, apata faida ndogo iliyo imara, na ashika nafasi ya arobaini. Mwingine atia mtaji wote katika kampuni moja iyumbayo, bila kuisoma wala kuijua. Ikianguka, atakuwa wa mwisho, wala hakuna atakayemtaja. Ikipanda kwa bahati, atakuwa wa kwanza. Atapigiwa makofi, atapigwa picha, na wenzake watamwendea kumwuliza siri yake. Kati ya mia wanaofanya hivyo, hapakosi mmoja atakayepata. Na yule mmoja ndiye tunayemwona. Naye, maskini, huenda akaamini kwamba ni hodari, kumbe alibahatika.

Ndiyo sababu michezo mingine huweka ile sheria ya kuzuia mtaji wote usiingie kampuni moja. Na ndiyo sababu wale wenye The Stock Market Game wameweka pia shindano la kuandika insha, liitwalo InvestWrite, ambamo mwanafunzi hueleza kwa maandishi sababu za uamuzi wake. Hapo hapimwi kwa bei iliyopanda, bali kwa akili aliyoitumia.

SI KAMARI, LAKINI JIRANI YAKE NI KAMARI

Huenda waniuliza, “Basi hisa na kamari zina tofauti gani?” Tofauti ipo. Katika kamari, fedha ya mshindi yatoka mfukoni mwa walioshindwa, na mwenye kuendesha kamari hujitwalia chake kwanza. Hakuna gunia lililolimwa, hakuna tofali lililofyatuliwa. Lakini hisa ni fungu la kazi halisi. Kampuni ikichimba, ikisaga, ikisafirisha, ikapata faida ya haki, mwenye hisa hupata sehemu yake, wala jirani yake hakunyang'anywa.

Hata hivyo, mtu aweza kuigeuza hisa kuwa kamari kwa moyo wake. Anunuaye asichokijua, kwa tamaa ya kesho, kwa fedha za kukopa, huyo hana tofauti na mtupa dado. Maandiko Matakatifu yatukumbusha habari za mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Na ule mfano wa talanta, watumishi wawili walisifiwa kwa kuwa waaminifu katika mali ya bwana wao. Mali tuliyo nayo si yetu peke yetu. Ni ya watoto, ni ya wazee wetu, na mbele ya Mungu tu mawakili tu.

Tena jihadhari na matapeli. Wamejua kwamba vijana wapenda michezo hii, nao wametega mitego inayofanana nayo. Dalili zao ni rahisi kuzitambua. Mchezo wa kujifunza hutumia fedha za kuigiza tangu mwanzo hata mwisho. Shindano laweza kuwa na zawadi, lakini hakuna mtu atakayekuambia utume fedha zako kwa simu ili “akaunti ifunguliwe,” wala atakayekuahidi kwamba fedha zitazaa maradufu kwa juma moja, wala atakayekutaka ulete rafiki watano ili ulipwe. Ukisikia maneno hayo, funga simu. Na siku utakapotaka kununua hisa za kweli, uliza kwanza kama dalali ana leseni. Tanzania iko Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Kenya iko Mamlaka ya Masoko ya Mitaji; kazi yao ni kusimamia mambo hayo, na kuuliza hakuna aibu.

MCHEZO HUU UCHEZWEJE NYUMBANI?

Basi, mzazi, usimkataze kijana wako, na usimwachie peke yake. Keti naye. Haya ni mashauri machache yatakayoufanya mchezo uwe shule.

Kwanza, mwambie aanze na kiasi ambacho familia yenu ingeweza kweli kuweka akiba, hata kama mtambo umempa mamilioni. Acheze na shilingi laki moja, kwa mfano, na nyingine aziache zilale. Mtu hajifunzi kutunza laki kwa kuchezea milioni.

Pili, anunue daftari la kawaida. Kabla ya kununua hisa yo yote, aandike kwa maneno machache: kampuni hii hufanya kazi gani, hupata faida kwa njia gani, na kwa nini naichagua. Akishindwa kujaza mistari mitatu, asinunue. Baadaye msomeane daftari hilo. Ikiwa sababu zilikuwa nzuri na bei ikashuka, msifu. Ikiwa hakuwa na sababu na bei ikapanda, mwonye kwa upole.

Tatu, atazame bei mara moja kwa juma, si kila saa. Anayechungulia chungu kila mara hacheleweshi kuungua tu, bali huchelewesha na kuiva.

Nne, mashindano yakiisha, asiache. Aendelee mwaka mzima, pasipo zawadi wala makofi. Huko ndiko atakakokutana na miezi ya kuchosha ambayo bei hazisogei, na miezi ya kuogofya ambayo zashuka. Na mwisho wa mwaka alinganishe: kama angaliiweka fedha ile benki, angalipata kiasi gani? Mara nyingine jibu litamnyenyekeza, na unyenyekevu huo ni faida.

Nawe kijana unayesoma makala haya, usikasirike kwamba tumekupa maonyo mengi. Kujifunza biashara ni jambo jema, na nchi zetu zahitaji vijana waijuao hesabu ya mtaji na gawio. Lakini kumbuka kwamba siku ile utakayoshika fedha za kweli, nyuma ya kila shilingi atakuwapo mtu: mama aliyeuza maandazi, baba aliyekesha lindoni, ndugu aliyekukopesha kwa imani. Mtambo hauwaonyeshi watu hao katika mchezo. Waone wewe mwenyewe.

Na jioni utakapomwambia mzazi wako, “Leo nimepata laki moja,” mwambie pia umezipataje, na kama ungethubutu kufanya vile vile kwa fedha ya ada ya mdogo wako. Ukiweza kujibu swali hilo bila kuinamisha macho, mchezo umekufaa.